Bima ya mpangaji Texas: hizo dola 15 zinamlinda nani?

Kila mwanzo wa mwezi mpangaji wa apatimenti ya Houston, Fort Worth au Abilene hufungua hesabu yake na kukuta, chini ya kodi, msururu wa malipo madogomadogo: maji, takataka, dawa ya wadudu, na dola 12 au 15 zilizoandikiwa maneno yenye sura ya bima. Ukimuuliza kama ana bima atakujibu kwa yakini: ninayo, nailipia kila mwezi. Kisha siku moja bomba linapasuka ghorofa ya juu, dari inamwaga maji, magodoro na televisheni vinaharibika. Anakwenda ofisini kudai. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba malipo yale yalikuwa ya kulinda jengo, si vitu vyake.

Jambo hili linawachanganya wapangaji wa kila lugha katika Texas, jimbo ambalo takriban kaya nne kati ya kumi zinapanga. Wazungumzaji wa Kiswahili linawachanganya zaidi. Texas ni miongoni mwa majimbo yaliyopokea wakimbizi wengi zaidi Marekani, wakiwemo Wakongo waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Wapo pia Watanzania na Wakenya waliokwenda kusoma na kufanya kazi. Huko walikotoka, bima waliyoizoea ilikuwa ya gari au ya afya. Chumba cha kupanga kilikuwa mambo ya mtu na mwenye nyumba wake, na moto ukiunguza vitu, kila mmoja alilia na chake.

Hata hivyo kuna somo moja ambalo dereva yeyote wa Dar es Salaam analo tayari, nalo ni tofauti ya bima kubwa na bima ndogo. Mwenye bima ndogo akigonga gari la mtu, yule wa pili analipwa. La kwake atalitengeneza kwa mfuko wake. Tofauti hiyohiyo ndiyo iliyojificha kwenye hesabu ya apatimenti, ila hakuna anayeieleza siku ya kusaini.

Mzigo ni wa nani

Sheria ya Texas haimlazimishi mpangaji yeyote kuwa na bima. Anayelazimisha ni mwenye jengo kupitia mkataba wa pango, na sheria inamruhusu. Mikataba mingi ya apatimenti kubwa inadai mpangaji awe na bima ya dhima, mara nyingi ya dola 100,000, yaani bima ya kulipa hasara atakayowasababishia wengine. Kuhusu vitu vya mpangaji mwenyewe mkataba kwa kawaida haudai kitu. Mwenye jengo anataka ahakikishe kuna mahali pa kupata fidia jiko lake likiungua. Kitanda chako hakimhusu.

Wengi hudhani kwamba mwenye jengo naye ana bima, na kwamba bima hiyo inafunika kila kilichomo ndani. Kweli anayo. Inafunika kuta, paa, mabomba na kodi atakayoikosa nyumba ikiwa haikaliki. Vitu vya mpangaji havimo. Na kuna zaidi ya hapo: bima hiyo inaweza kumgeukia mpangaji.

Kesi moja ya San Antonio inaonyesha jinsi inavyotokea. Mpangaji alipewa na wazazi wake mashine ya kufulia na ya kukaushia nguo. Ile ya kukaushia ikashika moto ikiwa inafanya kazi, na moto ukaharibu jengo. Kampuni ya bima ya mwenye jengo ikalipia matengenezo, kisha ikamshtaki mpangaji irudishiwe pesa zake, makumi ya maelfu ya dola. Juri likaona kwamba hakufanya uzembe wowote. Lakini mkataba aliousaini, wa aina inayotumika katika apatimenti nyingi za jimbo hilo, ulikuwa na kifungu kinachomtaka alipe hasara itokanayo na sababu yoyote ambayo si kosa la mwenye jengo. Mahakama mbili za chini zilimkinga. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Texas ikatengua: kifungu hicho, ikaamua, si batili kwa sababu tu kinamhamishia mpangaji mzigo, kwani watu wana uhuru wa kuandikiana masharti.

Isomwe polepole hukumu hiyo, maana inabadilisha swali zima. Mtu asiye na kosa, aliyewasha mashine ya nguo kama kila mtu anavyowasha, anaweza kudaiwa gharama za jengo kwa sababu ya sentensi iliyo katikati ya mkataba wa kurasa nyingi, ulioandikwa kwa lugha ambayo pengine ana miaka miwili tu tangu aanze kujifunza. Katika baadhi ya majimbo mahakama zimekwenda njia nyingine, kwa hoja iliyopata jina kutokana na uamuzi wa Oklahoma wa mwaka 1975: kodi anayolipa mpangaji ndiyo inayolipia bima ya jengo, kwa hiyo mpangaji ahesabiwe kuwa naye yumo ndani ya bima hiyo, na kampuni isimdai. Texas imeuacha mkataba useme. Na anayeuandika mkataba ni upande mmoja.

Kilichomo ndani ya hati

Bima ya mpangaji iliyokamilika hubeba mambo manne. La kwanza ni vitu vyako: nguo, samani, simu, vyombo, hata vikiibwa ukiwa safarini au vikiwa ndani ya gari (gari lenyewe halimo). La pili ni dhima yako kwa wengine. La tatu ni gharama za kuishi kwingine nyumba ikiharibiwa na janga lililomo katika hati. La nne ni kiasi kidogo cha matibabu ya mgeni aliyeumia nyumbani kwako, mara nyingi dola 1,000 hadi 5,000.

Hilo la tatu huzungumzwa kidogo mno, na kwa familia kubwa ndilo linaloweza kuwa na thamani kuliko yote. Baba, mama na watoto sita hawatoshi chumba kimoja cha hoteli, na hoteli nyingi hazitawaruhusu. Vyumba viwili kwa wiki tatu, pamoja na chakula cha kununua kwa sababu hakuna jiko, ni pesa ambazo mshahara wa kiwanda cha nyama cha Amarillo hauzibebi. Hati hulipa ile nyongeza, yaani kile kinachozidi matumizi ya kawaida ya familia, kwa hiyo kila risiti itunzwe.

Kwenye vitu vyenyewe, neno linaloamua ni uchakavu. Kuna hati zinazolipa thamani ya kitu kilivyokuwa siku ya hasara, na kuna zinazolipa bei ya kununua kipya. Tuchukue mfano. Familia inapoteza kwa moto vitu ambavyo kuvinunua upya leo kungegharimu dola 14,000: vitanda vinne, kochi, televisheni, kompyuta ya shule, sufuria, nguo za watu wanane, vitenge vya mama. Vingi vina miaka mitano au sita. Baada ya kupiga hesabu ya uchakavu kampuni inaweza kuvithamini dola 6,000. Toa dola 500 ambazo mwenye bima hujibebea mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa: zinabaki 5,500. Kwa hati ya bei ya kitu kipya zingebaki 13,500. Tofauti ya ada kati ya hati hizi mbili mara nyingi ni dola chache kwa mwezi. Lakini hata hati hiyo bora ina utaratibu wake: kampuni nyingi hulipa kwanza ile thamani iliyochakaa, kisha huongeza iliyobaki ukishanunua na kuleta risiti. Asiye na akiba ya kutangulia kununua anaweza kuishia na nusu.

Kisha kuna vikomo vidogo vilivyo ndani ya kikomo kikubwa. Hati inayosema dola 30,000 mara nyingi hulipa dola 1,500 tu kwa vito vilivyoibwa na dola 200 kwa pesa taslimu. Wanawake wengi wa pwani na wa Kongo huweka akiba yao katika dhahabu, na baadhi ya familia huweka nyumbani pesa za mchezo, yaani upatu. Hao bima ya kawaida haiwasaidii sana. Dhahabu inaweza kuandikwa peke yake kwa nyongeza ya ada. Pesa taslimu ni heri zipelekwe benki. Vilevile vifaa vya biashara vina kikomo chake, aghalabu dola 2,500, jambo ambalo fundi cherehani mwenye mashine tatu sebuleni na msusi mwenye vifaa vyake wanapaswa kulijua kabla ya hasara.

Dhima nayo ina kona yake. Katika hati nyingi, uharibifu wa nyumba yenyewe uliyopanga hulipwa ukitokana na moto, moshi au mlipuko. Bafu likifurika kwa sababu mtoto aliacha bomba wazi, vitu vya jirani wa chini vitalipwa, lakini sakafu ya nyumba uliyopanga inaweza kuachwa nje. Kampuni nyingine huongeza maji, nyingine haziongezi. Hili ni swali la kumuuliza wakala moja kwa moja, na jibu litafutwe ndani ya karatasi, lisiishie kwenye simu.

Na nani yumo? Ndugu wa damu au wa ndoa wanaoishi na mwenye hati kwa kawaida wamo. Rafiki mliyechangia nyumba hayumo mpaka jina lake liandikwe au achukue hati yake. Vijana watatu wanaopanga pamoja karibu na chuo huko Arlington, mmoja akiwa na bima, wana bima ya mtu mmoja. Kunguni, ukungu uliotokana na unyevu wa muda mrefu na uchakavu wa kawaida, hati nyingi haziyalipi.

Bei, na kinachoipandisha

Wastani wa bima ya mpangaji Marekani mwaka 2021 ulikuwa dola 170 kwa mwaka. Texas imekuwa juu ya wastani huo kwa miaka mingi. Mpangaji wa kawaida hutajiwa kati ya dola 15 na 30 kwa mwezi. Ni bei ndogo ikilinganishwa na ya mwenye nyumba, ambaye hapo Texas hulipa maelfu kwa mwaka, kwa sababu mpangaji habebi bima ya paa. Na paa ndilo linalopigwa na mvua ya mawe.

Kinachopandisha bei kuliko kwingine ni hali ya hewa pamoja na wizi. Kaskazini, kuanzia Dallas kwenda juu, ni mvua ya mawe na vimbunga vya ardhini. Pwani ni vimbunga vya baharini. Februari 2021 baridi kali iliangusha umeme wa sehemu kubwa ya jimbo, mabomba yaliyokuwa hayajakingwa vizuri yakaganda na kupasuka, na jimbo likahesabu vifo 246. Maji ya bomba lililopasuka ghafla ni miongoni mwa mambo ambayo bima ya mpangaji huyalipa, na waliokuwa na hati walilipwa. Waliokuwa wakilipa tu zile dola 12 au 15 za ofisini, zisizolinda vitu vyao, walipeleka makochi jalalani.

Baada ya hapo kuna yanayomhusu mtu mwenyewe: eneo la posta, umri wa jengo, madai aliyowahi kupeleka, kiasi anachokubali kujibebea, na historia yake ya mikopo. Hili la mwisho linawagusa wageni. Texas inaziruhusu kampuni kutumia historia ya mikopo katika kupanga bei, ingawa sheria inazikataza kumnyima mtu bima kwa sababu hiyo peke yake. Mtu aliyefika juzi hana historia mbaya. Hana historia kabisa, na kampuni mbalimbali humtazama kwa macho tofauti. Ndiyo maana kuomba bei kwa kampuni tatu si usumbufu wa bure. Kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 2003, kampuni za Texas huwasilisha bei zao kwa Idara ya Bima na kuanza kuzitumia bila kungoja kibali, kwa hiyo tofauti kati ya kampuni na kampuni, kwa nyumba ileile, inaweza kuwa kubwa.

Misimamo inayoshindana

Msimamo wa kwanza husikika zaidi: mimi sina kitu cha kuibiwa. Una ukweli ndani yake. Familia iliyofika na mabegi manne, ikapewa kochi na kanisa, haioni sababu ya kulipia kochi hilo. Udhaifu wake ni kwamba unahesabu vitu tu na kuisahau dhima. Asiye na vitu ana jiko, na jiko lina mafuta ya kukaangia mandazi. Moto wa mafuta hauulizi kochi lilinunuliwa kwa bei gani. Tena hesabu ya vitu yenyewe huwa si sahihi. Watu hukadiria kwa macho wanachokiona sebuleni na kusahau makabati. Nguo, viatu, makoti ya baridi na matandiko ya watu wanane ni maelfu ya dola.

Msimamo wa pili ni wa ofisi: lipia hapa kwa kodi, mambo yaishe. Kwa kawaida ni msamaha wa dhima: unalipa kila mwezi, na mwenye jengo anakubali asikudai, hadi kikomo fulani, ukisababisha kwa bahati mbaya moto au maji ya aina zilizotajwa. Nguvu yake ni wepesi. Hakuna fomu, hakuna historia ya mikopo, hakuna wakala wa kupigiwa simu kwa Kiingereza. Kwa mtu anayeanza kazi saa kumi alfajiri, wepesi huo si kitu kidogo, na haifai kumlaumu. Lakini kwa dola 12 ananunua ahadi ya upande mmoja tu. Vitu vyake havimo, hoteli haimo, jirani aliyeumia hayumo. Kwa dola tano au nane zaidi angepata hati kamili, na mara nyingi akipeleka ofisini uthibitisho wa hati hiyo, zile dola 12 huondolewa kwenye hesabu yake. Kwa maoni ya uchambuzi huu, kumwandikisha mpangaji moja kwa moja kwenye msamaha bila kumweleza kwa lugha anayoielewa kwamba vitu vyake viko wazi ni kumkosea haki, hata kama sheria inaruhusu.

Msimamo wa tatu unatoka ndani ya jamii yenyewe: sisi tuna michango. Nyumba ikiungua, ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya jua kuzama watu wa Houston, Louisville na Des Moines wametuma dola 20, dola 50. Mama mmoja analeta magodoro, mwingine anachukua watoto. Hii ni bima ya kweli, ya zamani kuliko kampuni yoyote ya Texas. Haina fomu na haiulizi risiti, na inampa aliyepata hasara kitu ambacho hakuna hati inayokitoa: watu. Lakini ina mipaka miwili. Mchango unajenga sebule. Hauwezi kulipa deni la makumi ya maelfu ya dola lililoandikwa na mahakama. Na mchango unategemea kwamba wengine wako salama. Siku maji yanapoingia mtaa mzima, anayechangiwa na anayechangia wote wako juu ya paa.

Kwa Waislamu, wakiwemo wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kuna swali la nne. Baraza la kimataifa la fikihi lililokutana Jeddah mwaka 1985 liliiona bima ya kibiashara kuwa haijuzu kwa ajili ya utata uliomo katika mkataba wake, likaelekeza kwenye bima ya ushirika, yaani takaful. Kwa mpangaji wa Texas takaful ya aina hiyo si rahisi kuipata. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kile ambacho mtu amelazimishwa na mkataba wa makazi, na wapo wanaoona kampuni zinazomilikiwa na wanachama wenyewe ziko karibu zaidi na ushirika. Huo ni uamuzi wa mtu na shehe wake. Kinachofaa kuongezwa ni kwamba kifungu kilichomfikisha mahakamani yule mpangaji wa San Antonio kinamhusu kila aliyesaini mkataba wa namna hiyo, mwenye bima na asiye nayo.

Kuna pia mjadala wa juu zaidi, kati ya watetezi wa wapangaji na wenye majengo. Watetezi wanasema mzigo wa jengo ubaki kwa mwenye jengo, kwa kuwa ndiye anayejua nyaya na mabomba yake. Wenye majengo wanajibu kwamba wakibebeshwa kila ajali ya jikoni, ada zao zitapanda na kodi itapanda nazo. Hoja ya pili si uzushi. Gharama ya bima ya majengo Texas imepanda sana miaka ya karibuni, na hakuna mwenye jengo anayeinyamazia. Hata hivyo kodi inayopanda kidogo kwa nyumba 300 ni mzigo uliosambazwa. Deni la makumi ya maelfu linalomwangukia mpangaji mmoja asiye na kosa ni mzigo unaovunja mtu. Kusambaza ndiyo kazi ya bima, na kwa kipimo hicho hoja ya watetezi ina uzito zaidi.

Mafuriko, shimo lililo katikati

Yote yaliyosemwa hapo juu yana upungufu mmoja mkubwa, na upungufu huo una maji. Bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko. Bomba likipasuka ndani, ndiyo. Mto ukipanda, barabara ikijaa, maji yakaingia chini ya mlango, hapana.

Agosti 2017 kimbunga Harvey kilitua karibu na Rockport, kikasimama juu ya kusini-mashariki mwa Texas kwa siku kadhaa. Huko Nederland mvua iliyopimwa ilizidi milimita 1,500. Apatimenti za ghorofa ya chini za Houston zilijaa hadi kwenye soketi za umeme. Wapangaji waliokuwa na bima, waliolipa kila mwezi bila kukosa, walikuta hati zao zimenyamaza.

Sababu ya kampuni kuyakwepa mafuriko ndiyo ileile inayoivunja michango. Moto huunguza nyumba moja, na wengine elfu waliolipa ada wako wima. Pesa zao zinamfikia aliyeungua. Mafuriko huwapata wote elfu usiku mmoja. Ndiyo maana bunge la Marekani liliunda Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko mwaka 1968. Mpangaji anaweza kununua humo bima ya vitu vyake hadi dola 100,000, bila kuhusisha jengo. Una mapungufu: hulipa thamani iliyochakaa, si bei ya kipya, na haulipi hoteli. Msaada wa serikali baada ya janga upo, lakini hungoja rais atangaze janga, na kusudi lake ni kumsimamisha mtu, si kumrudishia alichopoteza.

Upepo nao una hadithi yake pwani. Katika wilaya 14 za ufukweni, ikiwemo miji ya Galveston na Corpus Christi, na sehemu ya wilaya ya Harris, kampuni nyingi huuondoa upepo na mvua ya mawe kwenye hati zao. Pengo hilo huzibwa na shirika maalumu la bima ya upepo lililoundwa na bunge la Texas mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya kimbunga Celia, na mpangaji wa huko anaweza kupata humo bima ya vitu vyake. Anayehama kutoka Abilene kwenda Galveston na hati yake ileile aulize kwanza.

Kuna hatua moja ya sheria inayostahili sifa. Tangu 1 Januari 2022 mwenye nyumba Texas lazima amwambie mpangaji kwa maandishi, kabla ya kusaini, kama anajua nyumba iko katika eneo la mafuriko ya miaka mia, na kama anajua imewahi kufurika katika miaka 5 iliyopita. Tangazo hilohilo humkumbusha mpangaji kwamba bima nyingi za wapangaji hazilipi mafuriko. Akinyimwa tangazo, kisha mafuriko yakaharibu angalau nusu ya thamani ya vitu vyake, anaweza kuvunja mkataba kwa kutoa taarifa ndani ya siku 30. Udhaifu ni kwamba ni karatasi moja kati ya nyingi, na husainiwa pamoja na ile ya mbwa na ile ya maegesho. Familia yoyote inayosoma uchambuzi huu na kusaini mkataba mwezi ujao iitafute karatasi hiyo, imwombe kijana wa shule aisome kwa sauti, neno kwa neno, mezani pale ofisini.

Kwenye mizani

Kwa mpangaji wa Texas aliyesaini mkataba wa kawaida wa apatimenti, dhima pekee inatosha kuwa sababu ya kuchukua hati kamili badala ya msamaha wa ofisi. Vitu ni sababu ya pili, na hapo bei ya kitu kipya ina thamani kuliko kikomo kikubwa: afadhali dola 15,000 zisizokatwa uchakavu kuliko 30,000 zinazokatwa. Kiasi cha kujibebea kisizidi kile ambacho familia inaweza kukipata kwa wiki moja. Dola 1,000 hupunguza ada, lakini asiyezipata hana bima ya kitu kilicho chini ya hapo. Michango ibaki, kwa kuwa inafika haraka kuliko hundi ya kampuni yoyote. Kampuni zenyewe zina saa yao: sheria ya Texas inazitaka zikiri kupokea dai ndani ya siku 15, zikubali au zikatae ndani ya siku 15 za kazi baada ya kupata nyaraka zote, na zikishakubali zilipe ndani ya siku 5 za kazi. Anayecheleweshwa anaweza kulalamika kwa Idara ya Bima ya Texas bila malipo.

Anayeishi ghorofa ya tatu Amarillo pengine hahitaji bima ya mafuriko. Anayeishi ghorofa ya chini kusini-magharibi mwa Houston, karibu na mfereji uliofurika wakati wa Harvey, anaihitaji kuliko televisheni mpya, na haanzi kulindwa siku anayoilipia. Bima ya mafuriko kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki hufunguliwa 1 Juni, kwa hiyo siku ya mwisho ya kununua ni 2 Mei.